Turbo Tatu za Bwana Iddi

Haipiti wiki bila mmoja wenu kuja hapa kibarazani kwangu Mkonze, akaniamkia shikamoo ya haraka haraka, kisha akanichomekea simu usoni nione picha ya gari. Injini ya petroli, lita moja na kidogo, ina turbo. Mzee, hii inadumu? Mmenifanya mganga wa kupiga ramli. Nami jibu langu ni lilelile: inadumu sana, ili mradi isikutane na fundi kama mimi. Mnacheka, mnadhani ni unyenyekevu wa uzeeni. Si unyenyekevu, ni taarifa. Kaeni niwaeleze, maana nimechoka kuieleza kwa mmoja mmoja.

Kwa asiyenifahamu, naitwa Ndahani. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafaulu kiasi cha kuajiriwa na kufeli kiasi cha kuajiriwa karakana. Nilifanya kazi katika shirika moja la umma hapa Dodoma, na shirika lilipouzwa nikafungua gereji yangu. Wenzangu walifungua kando ya barabara kuu ili wapate wateja. Mimi niliifungua uani kwangu, hatua kumi kutoka kitandani. Sipendi kutoka nyumbani. Nikikaa garini zaidi ya nusu saa tumbo linapanda kooni. Fundi wa magari anayetapika garini, ndiyo, chekeni mmalize. Mke wangu huwaambia watu kwamba kama si kanisani, mimi ningekuwa nimeota mizizi.

Sasa miaka ninayoizungumzia ni ile ya milango ya biashara kufunguliwa. Kabla ya hapo gari lilikuwa la serikali, la shirika, la misheni, au la mwenye duka kubwa, na sisi mafundi tulizijua injini zote za mji huu kama mtu anavyowajua wajomba zake. Mara yakaanza kuingia magari madogo yaliyotumika Japani, yamepitia Dubai, yana harufu ya sigara ya mtu tusiyemjua. Vitabu vyake vilifunguliwa kutokea nyuma kwenda mbele. Tulikuwa tunaangalia michoro na kutikisa vichwa kama watu waliosoma.

Katika hayo ndimo zilimokuja injini ndogo zenye turbo. Nitawaeleza kwa lugha ya uani, siyo ya mashine yenu ya kupimia. Injini ni ndogo, pistoni zake kama vikombe vya kahawa. Peke yake haina nguvu ya kutosha kumshangaza mtu. Kwa hiyo Mjapani ameifungia kitu kama konokono wa chuma, ndani yake kuna mhimili mwembamba wenye mapanga huku na huku. Moshi wa moto unaotoka injini unazungusha panga la upande huu, panga la upande wa pili linasukuma hewa kurudi injini. Injini ndogo inalishwa hewa kwa nguvu, inakimbia kama kubwa. Na kwa kuwa hewa inakuja imeshashindiliwa, mgandamizo wa injini yenyewe umepunguzwa makusudi. Hilo la mgandamizo lishikeni, litaniaibisha hapo mbele.

Mhimili ule unazunguka mara laki na zaidi kwa dakika moja, na kinachoushika usiungue ni utando wa oili, basi. Oili ikiwa safi na ikiwa inapita, turbo inaweza kuzeeka na mwenye gari. Oili ikisimama wakati chuma kina moto, inakaangika palepale, inakuwa masizi magumu, na siku inayofuata mhimili unazungukia juu ya mkaa.

Aliyenifundisha mambo haya ni Mzee Sospeter wa Gulwe, aliyeanza kazi kwenye garimoshi la mvuke na kuishia nasi karakana. Alikuwa na kipimo cha vidole viwili. Shika ncha ya mhimili, itikise. Ikicheza kidogo kushoto na kulia, fungasha, iko salama. Ikija mbele na kurudi nyuma, anza kuandaa maneno ya kumwambia mwenye gari. Alikuwa na sheria nyingine pia: usilitibu gari kabla hujapanda ukaenda nalo kule linakougulia. Sheria ya kwanza niliishika vizuri sana, kwa sababu unaweza kuitekeleza umekaa kwenye kigoda.

Ndipo akaja Bwana Iddi. Tulikuwa naye shirika moja, yeye dereva wa lori, mtu mpole, mwangalifu, anafuta kioo hata cha gari la jirani. Watu walipopunguzwa kazini alipewa kiinua mgongo chake. Mkewe, Mama Rukia, alijua kabisa kinakwenda wapi. Walikuwa na nyumba Chang'ombe iliyosimama kwenye lenta miaka miwili, kuta bila paa, mbuzi wa mtaa mzima wanalala sebuleni kwake. Kiinua mgongo kilikuwa mabati. Bwana Iddi akaenda Dar es Salaam kununua mabati, akarudi na gari jekundu lenye turbo.

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Mama Rukia alikuwa anauza mitumba kwenye gulio la Kondoa kila Alhamisi, na mabelo yalipakiwa kwenye basi, yakifika yamelowa au hayakufika. Gari lao wenyewe lingebeba mabelo, na mabelo yangeleta mabati. Mama Rukia alikubali kama anavyokubali mtu ambaye hakuulizwa. Akasema sawa, gari ndilo nyumba yetu sasa, siku likifa tutajua tunalala wapi.

Turbo ya kwanza ilikufa mwezi wa tatu tangu gari linunuliwe. Gari lilifika uani kwangu likitoa moshi wa bluu, Mama Rukia amekaa nyuma juu ya belo, mtandio umefunika pua. Nikatikisa mhimili kwa vidole viwili, ukaja mbele ukarudi nyuma. Nikamuuliza Bwana Iddi maswali mawili matatu, nikanusa oili, nikatoa hukumu: oili. Miaka ile oili nyingine ilipimwa kutoka kwenye pipa kwa chupa ya soda, na Mungu peke yake ndiye aliyejua ilikuwa imeshapita injini ngapi. Hukumu ilikuwa na akili. Tukaagiza turbo iliyotumika kutoka Dar, nikafunga, nikalijaribu gari kwa kulizungusha hapa Mkonze, tambarare kama meza, nikarudi kabla chai haijapoa.

Ya pili ikafa baada ya muda uleule. Nikahukumu vumbi. Nani angebisha? Barabara ya Kondoa ya wakati ule, ukipishana na lori ulikuwa unasubiri dakika nzima kujua kama bado uko hai. Nikaweka chujio jipya la hewa na kulizungushia soksi ya kitambaa, ufundi wangu mwenyewe, niliusifu sana.

Ya tatu ikafa. Nikahukumu Wajapani.

Hapa, vijana, niwape siri ya kazi. Fundi aliyekosea mara moja huwa anatafuta ugonjwa. Aliyekosea mara tatu hutafuta mtu wa kumlaumu, na akiwa mbali kama Mjapani ndiyo raha zaidi, hatakuja kujitetea. Tulikuwa na tabia hiyo sote. Thamostati kwa mfano, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, tulikuwa tunaking'oa kwenye kila gari na kukitupa, tukisema Mjapani anakaa kwenye baridi hajui jua la Dodoma. Kisha tunajaza rejeta maji yetu ya chumvi yanayoacha magaga kwenye birika, na rejeta ikiziba tunashangaa.

Basi nikatamka kwamba turbo ni pambo, nikaiondoa kabisa, nikaunganisha mpira moja kwa moja. Nikasema gari litakuwa la kawaida kama mengine. Mnakumbuka mgandamizo? Injini iliyopunguzwa mgandamizo ili isaidiwe na turbo, ukiinyang'anya turbo haibaki ya kawaida, inakuwa mgonjwa aliyenyang'anywa mkongojo. Kwenye milima ya Chenene, njiani kwenda Kondoa, na mabelo mawili ndani, lilishindwa kupanda. Mama Rukia akashuka kupunguza uzito, akapanda kwa miguu, akafika kileleni kabla ya gari, akakaa kwenye jiwe akilisubiri. Habari hiyo ilifika Mkonze kabla yao, sijui nani aliileta.

Safari hiyo Mama Rukia hakunikasirikia. Alikuja uani, akasalimia vizuri, akaniambia kwa utulivu kwamba ameshapata mtu wa kulinunua. Mfanyabiashara wa asali huko Kondoa, Mzee Hamisi. Ila nifunge turbo nyingine, ya mwisho, liwe zima siku ya kuuzwa, na mnunuzi ametoa sharti moja: hataki maneno ya mwenye gari, anataka fundi wake aje, asimame mbele yake aseme lina ugonjwa gani.

Nikamwambia nitaandika barua.

"Fundi," akasema, "turbo tatu zimekufa mikononi mwako na hujawahi kukaa kwenye gari hili mpaka likafika hata Makutupora. Alhamisi asubuhi tunakupitia."

Mke wangu alinifungia mihogo ya kuchemsha na mfuko wa plastiki. Mihogo ya njaa, mfuko wa mihogo ikirudi.

Tukaondoka, Bwana Iddi kwenye usukani, mimi kando yake, Mama Rukia nyuma. Nilikuwa nimeshaandaa ushahidi wangu. Nitasema injini iko salama, ambayo ni kweli, na sitasema turbo ni ya nne, kwa kuwa hakuna atakayeuliza. Bwana Iddi alikuwa anaendesha kama mtu anayempeleka mtoto wake shule ya bweni, analainisha kila shimo. Na niseme kweli, aliendesha vizuri. Hakuna gia iliyolia. Nikazidi kuwalaani Wajapani.

Tukaanza kupanda Chenene. Hapo ndipo nilipoisikia turbo ikifanya kazi yake kwa mara ya kwanza, ile filimbi yake nyembamba, gari linavuta kama ng'ombe aliyesokotwa mkia. Konokono wa chuma lazima alikuwa mwekundu kwa moto. Tukafika kileleni. Bwana Iddi akakanyaga klachi, akatoa gia, na kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayezima taa chumba alicholala mgonjwa, akarudisha ufunguo hatua moja. Injini ikazimika. Tukaanza kuteremka kimya, unasikia upepo tu na mawe madogo chini ya matairi.

Nikauliza kumetokea nini. Akasema hakuna kitu, anaokoa petroli. Mteremko una kilomita kadhaa, ya nini injini iungue bure? Chini kabisa ataingiza gia ya tatu na kuachia klachi, itawaka yenyewe. Na kweli alifanya hivyo, ikawaka, safi kabisa, hata Mama Rukia, aliyekuwa amesinzia nyuma, hakuamka.

"Hii umejifunza wapi, Bwana Iddi?"

Akanitazama kama nimeuliza jina la mama yangu.

"Kwako, fundi. Mara zote tatu uliniuliza naendeshaje. Nikakujibu, kama ulivyotufundisha."

Alinijibu hivyo, ni kweli. Mara zote tatu. Na mara zote tatu nilitabasamu.

Niwaeleze ninyi mliozaliwa vituo vya mafuta vikiwa kila kona. Kulikuwa na miaka petroli ilipatikana kwa kibali, na Jumapili mchana gari lililoonekana barabarani lilihitaji maelezo. Katika miaka hiyo shirika letu lilitaka mtu wa kuwafundisha madereva kubana mafuta, nami niliruka mbele, kwa kuwa kufundisha kunafanyika umesimama mahali pamoja. Nilichora mlima kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana. Kwenye kilele niliandika ZIMA. Chini niliandika WASHA. Niliwakaririsha kama watoto wa shule, mpaka shirika zima kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni madereva walikuwa wanateremka milima kimyakimya. Nilipewa cheti na sufuria kubwa. Kwa malori yale mazito yasiyo na turbo jambo hilo halikuleta hasara ya injini, ingawa la breki tusiliongelee, Mungu alisaidia. Lakini kwenye injini hii, kuzima kileleni ni kuisimamisha oili pale pale turbo inapowaka moto. Ingetakiwa injini iungurume polepole dakika mbili, oili ipite, chuma kipoe. Bwana Iddi alikuwa anaikaanga kila Alhamisi, kwa uaminifu wote, na kama angekuwa dereva mzembe gari lake lingekuwa zima mpaka leo.

Njia yote iliyobaki sikutapika. Nadhani tumbo lilikosa nafasi.

Nilikuwa na njia mbili, na nitawaambia ipi niliipenda. Mzee Hamisi alikaa mjini Kondoa na alitaka gari la kwenda sokoni, msikitini na kurudi. Mikononi mwake turbo ile ingeishi. Gari lingeuzwa, mabati yangenunuliwa, Wajapani wangebaki na lawama yao, nami ningerudi Mkonze na jina langu. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, na mimi ni mtu wa kukaa. Tatizo ni kwamba bila gari lile Bwana Iddi alikuwa anarudi kuwa mtu wa kukaa kibarazani akiangalia mbuzi wakiingia sebuleni kwake, na angekufa akiamini alinunua takataka kwa jasho la maisha yake.

Mzee Hamisi alitupokea vizuri, akatandika mkeka, kuku ameshachinjwa. Akalizunguka gari, akapiga tairi kwa kiatu, akafungua boneti akatazama injini kama nilivyokuwa natazama vitabu vya Kijapani. Kisha akanigeukia.

"Haya, fundi. Lina ugonjwa gani?"

Bwana Iddi aliangalia chini. Mama Rukia aliniangalia mimi.

Nikasema gari halina ugonjwa wowote, na halikuwahi kuwa nao. Nikasimulia yote, mlima wa mkaa ukutani, ZIMA na WASHA, cheti, sufuria, turbo tatu. Nilisema oili na vumbi nilivisingizia. Nikasema Bwana Iddi hakukosea hata siku moja, alimtii mwalimu wake. Nilipofika kwenye sufuria Mzee Hamisi alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema sasa analitaka zaidi, maana kwa mara ya kwanza katika maisha yake amesikia fundi akisema ukweli, na gari lenye ukweli haliachwi.

Mama Rukia hakucheka. Akauliza kitu kimoja tu: hizo dakika mbili, zikikaliwa kila mlima, turbo itaishi? Nikamwambia ikibadilishiwa oili nzuri kwa wakati, itaishi kuliko mimi. Akamtazama mumewe, ambaye bado alikuwa anatazama vidole vyake viwili, vile vya ufunguo.

"Basi haliuzwi," akasema. "Tutakula kuku wako, Mzee Hamisi, tusikutukane. Lakini haliuzwi."

Tulikula kuku kwa heshima zote, mwenye nyumba akitulaumu kwa kila paja. Turbo ile ya nne sikuifungua tena. Ilivuta mabelo mpaka bati la mwisho likapigiliwa msumari Chang'ombe, na mbuzi wakahama kwa shingo upande. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile wakati wa kurudi Mama Rukia aliniambia nikae nyuma, yeye akae mbele.

Nilikaa nyuma na mfuko wangu wa plastiki, ambao safari hii niliutumia. Tukapanda Chenene kwa upande wa pili, filimbi inalia, tukafika juu. Mkono wa Bwana Iddi ukaenda wenyewe kwenye ufunguo, mazoea ya miaka yote ile, usingeweza kuulaumu. Ukakuta mkono wa Mama Rukia umeshafika. Alikuwa ameufunika ufunguo kwa kiganja. Bwana Iddi akasimamisha gari pembeni, akavuta breki ya mkono, injini ikabaki inaunguruma polepole. Tukakaa. Dakika mbili ni ndefu, jaribuni siku moja. Bwana Iddi alikuwa anatazama mshale wa petroli kama mtu anayetazama damu yake ikimwagika.

"Inaungua bure," akasema kwa sauti ndogo.

"Iungue," akasema Mama Rukia, na hakuondoa mkono.